Kanga Juu ya Taa

Kalunde aliingia msibani akiwa amevaa suruali ya marehemu. Aliifunga kiunoni kwa kamba ya katani, maana Mgaza alikuwa pande la mtu, akatia mikono mifukoni na kutembea akiburuta mguu wa kushoto, kama Mgaza alivyouburuta wake tangu alipoanguka kwenye nguzo za nyavu za ukungu. Waliokaa mkekani waliinua vichwa. Wengine walikuwa katikati ya kilio, na kilio kikawakwama kooni kikageuka kicheko.

"Mnalia nini?" Kalunde aliuliza kwa sauti nzito ya Mgaza. "Nimelala tu. Shida yenu Wazigua hamjui tofauti ya mtu aliyelala na aliyekufa, ndiyo maana mnazikana ovyo."

"Mnyamwezi kafika!" mtu alisema kutoka uani. "Sasa msiba umekuwa msiba."

Ndivyo ilivyokuwa Kwemsanga. Dunia ilikuwa imebadilika. Maji ya mji yalivunwa hewani kwa nyavu zilizotandazwa vileleni, jeneza lilipelekwa makaburini na kigari kisicho na dereva, na mlango wa kila nyumba ulipima pumzi za waliomo. Lakini Mzigua akifa, mtani wake Mnyamwezi alibaki na haki ya kuingia mpaka chumba cha wafiwa, kuchukua akitakacho, na kusema jambo ambalo mwingine akilisema angepigwa. Kazi yake ilikuwa kuwavuta wafiwa watoke kwenye shimo walilotaka kujitupa pamoja na maiti. Kalunde aliifanya kazi hiyo tangu usichana wake, na mjini hapo hakuwa na wa kumfikia.

Juu ya mlango wa chumba cha ndani palitundikwa kanga, nyekundu na nyeusi. Aliinama akapita chini yake. Mwantumu, mjane, alikuwa ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, shuka jeupe begani, macho makavu. Pembeni yake alikaa wifi yake Zamoyoni, dada mkubwa wa marehemu.

Kalunde alichuchumaa mbele ya mjane akamnyooshea kidole.

"Wewe, Mwantumu! Wewe ndiye umemuua huyu. Usinikodolee macho. Umemtilia nini kwenye mlenda? Mlenda wenu huu wa Kizigua unateleza mno, na roho ya mwenzio nayo imeteleza, imetoka! Umemuua, sasa umekaa godoroni unangoja wa pili."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata Zamoyoni alificha mdomo kwa upindo wa mtandio. Mwantumu alimtazama Kalunde, midomo ikamcheza, na kicheko kimoja kifupi kikamtoka. Kalunde akaridhika. Kicheko cha kwanza cha mjane ndicho alichokuwa akikitafuta katika kila msiba, na mara nyingi kilichukua muda mrefu kuliko hapo.

Wakati wa kuondoka alipita jikoni akabeba chungu cha mlenda, bado kina masazo ukingoni.

"Hiki nakipeleka polisi," alitangaza uani. "Ushahidi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

*

Arobaini ya Mgaza ilikuwa haijafika Mwantumu alipoliita baraza la mtaa lije nyumbani, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya eda na hakuweza kutoka. Aliwaambia kwa utulivu kwamba alimuua mume wake. Alimtilia kitu kwenye mlenda. Chungu anacho Kalunde.

Kwa mshangao wa Kalunde, mji ulimgeukia yeye kwanza. Bombani mwanamke aliyekuwa akimtunzia foleni kila siku alisogeza ndoo yake ikaziba nafasi. Dukani aliambiwa sukari imekwisha, na gunia la sukari liko wazi machoni pake. "Rudi kwenu Tabora ukabebe mizigo," aliambiwa na mzee mmoja aliyekuwa akimwambia maneno hayohayo maisha yake yote. Zamani alipoyasema alicheka kabla hajayamaliza. Safari hii aliyamaliza, akabaki anamtazama.

Kalunde aliacha kulala. Chakula kilimkinaisha. Alikaa jikoni kwake akikitazama chungu cha watu, na alipoitwa zahanati alikwenda na kandambili zisizofanana miguuni.

Dakta Tuntufye alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho mekundu ya mtu ambaye naye halali. Hakumkaribisha kiti.

"Mama, uliingia chumbani kwa mgonjwa wangu ukamwambia ameua."

"Niliingia chumbani kwa mtani wangu nikamtania."

"Alikuwa mbichi."

Kalunde alilijua neno hilo, kama kila mtu alivyolijua. Hata hivyo aliomba aelezwe, labda kwa kuwa alitaka kupata mahali pa kujitetea.

"Zamani," dakta alisema, "waganga wa sonona walidhani ni upungufu wa kitu fulani kichwani, kama taa iliyoishiwa mafuta. Wakatoa vidonge vya kujazia. Kuna waliopona, kuna ambao havikuwagusa kabisa, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Sasa tunaangalia vingine. Kichwa cha mwenye sonona ni kama njia ya ng'ombe iliyokanyagwa mpaka ikawa jiwe. Wazo likianza, linapita palepale, linaishia palepale. Dawa yetu inalainisha udongo. Kwa wiki nzima mgonjwa anakuwa mbichi, na anachokisikia kinachimba njia mpya. Halafu udongo unakauka."

"Kwa hiyo mnamwambia maneno mazuri."

"Tunamwambia maneno ya kweli, kwa upole, na tunawataka wengine wanyamaze. Ndiyo maana kuna taa. Mlango ukinusa dawa kwenye pumzi za mtu, taa ya manjano inawaka juu yake. Mwantumu alikuwa na sonona kabla ya haya yote. Mama yake alikuwa nayo. Ikamrudia alipompoteza mtoto, ikapungua, ikabaki imelala. Mumewe alipofariki niliona ingeamka immalize, nikampa dawa asubuhi ileile. Na taa iliwaka, mama. Mtambo wetu unaonyesha iliwaka mchana kutwa. Ulipitaje chini yake?"

Kalunde alitafuta kumbukumbu ya taa. Badala yake ilimjia nguo nyekundu na nyeusi ikimgusa utosini.

"Sikuona taa," alisema polepole. "Niliona kanga."

Dakta alikaa chini. Msibani kanga hutundikwa kila mahali, na hakuna anayeuliza ya nani wala ya nini.

"Zamoyoni," Kalunde alisema.

"Sitaki kujua ni nani. Hata mimi nilipaswa kukaa mlangoni mwenyewe, nikaiachia taa." Alifungua droo akatoa kichupa kidogo kama cha wanja. "Nilitaka kumfungua tena. Njia ile imechimbwa kwa sauti yako, na sauti nyingine haitaifukia. Lakini amekataa. Anasema tukimtoa hatia tutamtoa na Mgaza, maana kila anapomkumbuka anamkumbuka akila mlenda ule. Na mgonjwa mwenye akili timamu akikataa, sheria inasema tumwache."

"Ana akili timamu?"

"Kwa vipimo vyote. Ndilo linaloniua." Alikisukuma kichupa mpaka ukingo wa meza. "Kesho baraza linakaa. Cheti changu kinasema moyo ulisimama, lakini ndugu wa mume wanasema cheti hakikuwepo jikoni. Atakiri mbele yao na watampeleka mahakamani, na huko atakiri tena kwa sauti hiyohiyo ya utulivu. Dawa hii haina ladha. Ninyi watani mnaingia popote. Nani atakuuliza umetia nini?"

"Unaniomba kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Dakta Tuntufye alijifuta macho kwa kiganja. "Kwa vyote viwili," alisema. "Ukichukua, chukua. Ukiacha, toka."

Kalunde alikichukua.

*

Alipofika kwa Mgaza jua lilikuwa bado kali, na paa la nyumba, lililotandikwa ngozi ya kunywa mwanga, lilikuwa linalialia kwa joto. Alikuwa amebeba chungu mikononi. Bila chungu asingefunguliwa.

Zamoyoni alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Umekileta? Haya, weka hapo chini uondoke."

"Mtani haachi kitu mlangoni, dada."

"Mtani!" Zamoyoni alitema mate pembeni, karibu na mguu wa Kalunde. "Utani umekufa mji huu. Umeuzika wewe. Wazee wamekubaliana, mtani yeyote asiingie tena msibani. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Kanga yako bado ipo?"

Shingo ya Zamoyoni iligeuka kidogo kuelekea ndani, ikarudi.

"Ulijua kuna taa chini yake," Kalunde alisema.

"Ni nyumba ya kaka yangu. Mji mzima uje kumzika Mgaza, ukute taa ya wendawazimu inawaka juu ya mlango wake? Mama yetu mzazi waliwahi kumwita kichaa kwa sababu alilia kupita kiasi. Jina hilo alizikwa nalo. Watoto walikuwa wanatuimbia njiani. Wewe uliimbiwa? Hukuimbiwa. Basi usije kunifundisha kutundika nguo."

"Ungeninong'oneza tu, Zamoyoni. Neno moja. Ningegeuka nikarudi nilikotoka."

"Ukawaambie wote ulikotoka. Mdomo huohuo?" Alimsogelea mpaka Kalunde akasikia harufu ya karafuu kinywani mwake. "Na kwa nini unadhani ameongopa? Kasema mwenyewe kwamba ameua. Mimi sikumtia maneno. Kaka yangu alikula chakula chake, akajinyoosha, akafa. Ingia umwone. Kisha uniambie huyo ni mtu asiye na kosa."

Akampisha.

Kanga ilikuwa palepale, imeingia vumbi. Chumbani Mwantumu alikuwa ameketi kwenye godoro lilelile, ungo mapajani, ungo umejaa majani ya mlenda. Alikuwa akichukua jani moja moja, analiinua kwenye mwanga wa dirisha, analigeuza, analiweka upande wa pili. Vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi.

"Karibu, mtani," alisema. Sauti yake ilikuwa laini, na kwa sababu hiyo ilimtisha Kalunde kuliko ya Zamoyoni. "Umekileta chungu. Vizuri. Nilikuwa natafuta."

"Unatafuta nini?"

"Nilichomtilia. Nakumbuka mkono wangu ukitia. Kitu chenyewe ndicho sikioni vizuri. Jana nilidhani ni jani fulani. Leo naona yalikuwa magadi."

"Magadi kila mtu anatia kwenye mlenda, Mwantumu."

"Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka."

Kalunde aliketi sakafuni. Zamoyoni alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akajifunga mtandio vizuri, kama mtu aliyekuja kuangalia ngoma.

"Moyo wa Mgaza ulikuwa mbovu," Kalunde alisema. "Dakta alimwambia asipande tena nguzoni, akapanda. Ulilia siku hiyo. Ulinililia mimi, jikoni kwangu."

"Dakta hakuwepo nilipokuwa napika. Wewe ulijua. Ulikuja ukalisema mbele ya watu, na watu walicheka kwa sababu lilikuwa kweli. Watu hawacheki uongo namna ile." Aliinua jani jingine. "Sikulaumu. Ulinisaidia. Nilikuwa nimekaa hapa sina hata chozi, nimekuwa gogo. Nikajiuliza, mbona mume wangu amekufa na mimi silii? Ukaja ukanipa sababu."

Kalunde alikiweka chungu sakafuni.

"Nikupikie kahawa?" akauliza.

"Nipikie."

Jikoni alichemsha maji, akasaga tangawizi kidogo kama Mwantumu alivyopenda. Alimimina vikombe viwili. Akageuza mgongo kuelekea mlangoni, ingawa hapakuwa na mtu, akafungua kichupa, akakiinamisha juu ya kikombe chenye ufa mdomoni ili asikosee. Dawa iliingia bila rangi. Alijiambia ni kwa ajili ya uhai wa Mwantumu. Alijiambia kwamba mtu aliyezama haulizwi kama anataka kuvutwa. Maneno yote yalikuwa mazuri na aliyakubali moja moja, na hata hivyo vikombe vilikuwa vinagongana mikononi mwake alipokuwa akirudi chumbani.

Mwantumu alipokea kikombe chenye ufa. Hakunywa. Alitazama mkono wa Kalunde.

"Ilikuwa hivihivi," alisema. "Nilimgeuzia mgongo. Nikatia. Nikamletea, nikasubiri ale. Ila mkono wangu haukutetemeka, mtani. Wako mbona unatetemeka?"

Halafu akakipeleka kikombe mdomoni.

Kalunde alikinyakua. Kahawa ilimwagika kifuani pa Mwantumu, nyingine ikamwunguza Kalunde vidole. Iliyobaki aliinywa yote, pamoja na machicha, akaweka kikombe chini kwa nguvu mpaka ufa ukafika kitakoni.

"Umerukwa na akili?" Zamoyoni alisimama.

"Kilikuwa na dawa," Kalunde alisema. Alikuwa anahema. "Dawa ya kufungua. Nilikuja kukutilia, Mwantumu. Nikufungue bila wewe kujua, niingize neno zuri pale nilipoingiza baya. Mimi ndiye mtu wa kutia vitu kwenye chakula cha wenzake. Umeniona kwa macho yako. Hivi ndivyo mtu anavyotia kitu. Anatetemeka, anachagua kikombe, anajua jina la alichotia. Wewe unachambua majani tangu lini, na hujui hata ulitia nini."

Mwantumu alibaki ameshika hewa mahali kikombe kilipokuwa.

"Na siku ya msiba," Kalunde aliendelea, "ulikuwa umeinywa hiyohiyo. Mimi sikujua, naapa. Juu ya mlango huo kulikuwa na taa."

Kanga ilikuwa imeanza kubadilika. Nyekundu yake ilipauka, kisha ikawa ya machungwa, na katikati ya kitambaa likatokea doa la mwanga likakua. Mlango ulikuwa umenusa dawa. Kalunde alinyanyuka akavuta kanga kwa mkono mmoja. Misumari midogo iliruka ikaanguka sakafuni, na chumba kikajaa manjano.

Alisikia misumari ikianguka kwa namna ambayo hakuwahi kusikia kitu. Kila mmoja alikuwa na mlio wake. Alisikia paa likilia, akasikia pumzi za Mwantumu. Sauti zilikuwa zinaingia kichwani bila hodi, zinakaa, zinajinyoosha kama wageni wasio na nia ya kuondoka. Aliogopa. Alikumbuka kwamba mtu mwingine aliwahi kuketi godoroni hapo na sikio wazi namna hii, na yeye akamjia akiwa amevaa suruali ya maiti.

"Mimi sasa mbichi," alisema, akirudi kuketi sakafuni. "Sema, Mwantumu. Msibani mtani akitania anajibiwa, na wewe siku ile hukunijibu. Zamu yako. Lolote utakalosema litanikaa."

"Mimi nitasema!" Zamoyoni alipaza sauti. Alikuwa analia kwa hasira, akiitazama taa kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. "Mimi nina la kumwambia. Wewe Kalunde, wewe ndiye mu—"

Mwantumu aliruka. Ungo ulipinduka na majani yakatawanyika. Alimziba wifi yake mdomo kwa kiganja chenye utomvu, akambana ukutani, mwili wake mwembamba ukiwa na nguvu ambazo hakuna aliyezitarajia.

"Nyamaza! Litakaa!"

Majani yalikuwa bado yanatua. Mwantumu alibaki amembana wifi yake, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika, kama wa mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kutoka chumba kingine.

"Litakaa," alirudia, taratibu. "Hata kama si kweli litakaa."

"Ndiyo," Kalunde alisema.

"Kama lako lilivyokaa."

Kalunde alilishika neno hilo moja. Lako, alikuwa amesema.

Mwantumu alimwachia Zamoyoni. Alikuja akachuchumaa mbele ya Kalunde, goti kwa goti, kama Kalunde alivyochuchumaa mbele yake siku ile. Utulivu ule laini ulikuwa umemtoka. Macho yake yalikuwa yamejaa chuki, na yalikuwa hai.

"Uliingia kichwani mwangu ukanifanya muuaji wa mume wangu. Sijamlilia. Unasikia? Tangu afe sijamlilia hata siku moja, nimekuwa nikijichunguza. Umeninyima kumlilia. Na leo umekuja tena na kichupa."

"Nimekuja."

"Kuna neno lipo hapa," Mwantumu alijigusa koo. "Limekaa vizuri. Nikilitoa utakwenda nalo kaburini."

"Litoe."

Zamoyoni alikuwa amejikunja ukutani, mdomo umepakwa kijani. Mwantumu alimtazama Kalunde kwa muda mrefu sana, na Kalunde aliona neno likipanda, likifika mdomoni, likirudishwa. Lilipanda tena. Likarudishwa.

"Mlenda wako mbaya," Mwantumu alisema. "Hujui kupika mlenda. Hujawahi kujua, na hutajua, mbeba mizigo wa Kinyamwezi wewe. Mlenda wako hautelezi."

Liliingia bila hodi. Kalunde alitaka kucheka na hakuweza, kwa kuwa alishaona kwamba ni kweli.

*

Kesho yake baraza halikutoa watu nje wala kufunga madirisha. Kwa sababu ya eda wajumbe walimfuata mjane nyumbani, wakakaa sebuleni, na Mwantumu akawasemesha akiwa nyuma ya pazia. Kalunde alikuwa uani, pamba zimejaa masikioni kwa amri ya Dakta Tuntufye, na yaliyosemwa aliyasikia baadaye kwa wengine.

Mwenyekiti aliuliza kama bado anakiri.

"Naamini nilimuua," Mwantumu alisema. "Nikilala naamini, nikiamka naamini. Siwezi kuwaongopea. Lakini neno hilo si langu. Alilileta mtani wangu bila kujua, na aliyeifunika taa ni wifi yangu, na aliyeniacha peke yangu mbichi kati ya watu ni dakta. Mimi nimelibeba tu. Kama mnataka kumshtaki mwenye neno, gawaneni."

Baraza likaanza kubishana, na mwisho likaamua kwamba cheti cha dakta kinatosha. Zamoyoni alifungasha nguo zake jioni hiyo na hakuaga. Dakta Tuntufye alimwuliza Mwantumu kama yuko tayari kufunguliwa upya, kwa hiari yake, aondolewe lile neno. Alijibiwa kwamba kwanza ana mtu wa kumlilia, asubiri. Majirani wanasema kilio kilianza usiku huo na hakuna aliyejaribu kukikatiza, wala hakuna mtani aliyeitwa.

Kalunde hakurudishiwa salamu zote. Wengine bombani bado husogeza ndoo. Dawa ilimtoka baada ya wiki, taa ya mlangoni pake ikazima, na alipoanza tena kulala na kula alikuta kitu kimoja kimebaki. Alipopika mlenda aliuonja akaumwaga. Alibadilisha magadi, akabadilisha majani, akaomba kuelekezwa na wanawake wa Kizigua waliokubali kusema naye. Aliowakaribisha walikula wakasema ni mtamu. Aliwashukuru, akijua wanamstahi tu.

Eda ilipokwisha, Mwantumu alitoka. Hakwenda sokoni wala kwa dakta. Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa Kalunde, hakubisha hodi, akavuta kigoda akaketi. Chungu chake kilikuwa jikoni. Kalunde alikuwa amekichukua tena siku ya baraza, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

"Unapika nini?"

"Mlenda."

"Umetia nini?"

Mkono wa Kalunde ulisimama juu ya mwiko. "Magadi," alisema. "Magadi tu."

"Lete."

Kalunde alipakua kwenye bakuli, akaweka ugali pembeni. Mwantumu alilitazama bakuli muda mrefu kuliko chakula kinavyotazamwa. Kisha alikata tonge, akalichovya, likatoka limefungwa uzi mrefu unaong'aa ambao hakutaka kuukata, akala. Alikula tonge kwa tonge bila kusema, machozi yakimshuka na yeye hayafuti, mpaka bakuli likabaki tupu, akalifuta kwa kidole.

"Mbaya," alisema, na kulisukuma bakuli aongezewe.